Wifi amempima mtoto wangu kwa glasi mbili za maji

Hujambo shangazi?

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nyalenda hapa Kisumu, na nauza omena soko la Kibuye. Mdogo ana miezi saba. Nakuandikia zaidi kuhusu mkubwa, kijana wa miaka mitano na nusu, yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea.

Tangu mwezi wa tano tunaishi na wifi yangu, dada mdogo wa baba watoto. Anasomea ualimu wa chekechea na amepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo karibu na kwetu. Ni msichana mzuri, ananisaidia kazi, sina kisirani naye. Ila amekuja na daftari la saikolojia, na tangu daftari hilo liingie, nyumba haijatulia.

Jumapili moja baada ya kula, alichukua glasi mbili zinazofanana akazitia maji sawasawa. Akamwuliza kijana, "Yako sawa?" Akajibu ndiyo. Kisha akayahamisha maji ya glasi moja hadi kwenye ile glasi ndefu nyembamba tunayowekea wageni soda, akamwuliza tena, "Na sasa, yako sawa?" Kijana aliniangalia mimi kwanza, ndipo akaangalia glasi, akasema ile ndefu ina mengi. Wifi akaandika. Akatueleza kwamba kulingana na Piaget mtoto huyu hawezi kufikiri kwa mantiki mpaka afike miaka saba, kwa hiyo tuache kumhangaisha na hesabu.

Baba watoto alikasirika. Yeye ndiye anayelipia tuisheni ya jioni, shilingi hamsini kila siku, na msimamo wake ni mmoja: ukifanya vizuri biskuti, ukizembea kiboko. Wifi akamwambia hayo ni ya Skinner, mwanasaikolojia Mmarekani, na yalitoka kwa panya na njiwa. Hawakusemezana siku mbili.

Mama mkwe alipokuja kutoka Bondo alitucheka sote. Alisema aliyechelewa ni mtoto wa miaka mitano asiyejua kutumwa chumvi dukani akarudi na chenji kamili. Akaanza kumtuma. Sasa anatumwa na ploti nzima.

Tena kijana huongea peke yake. Akijenga nyumba kwa vifuniko vya soda utamsikia: "Weka hii hapa. Hapana, itaanguka. Ngoja kwanza." Mama mkwe anasema tumwombee. Wifi anasema ni utoto tu wa kujiona yeye mwenyewe, utaisha.

Shangazi, linaloninyima usingizi ni hili. Huyu kijana alipofika miezi minne nilirudi sokoni. Nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri, namwacha na binti ya dada yangu, narudi saa tisa. Juzi wifi alikuwa akisoma kwa sauti akijiandaa kwa mtihani, nikasikia jina Bowlby, na kwamba mtoto akitenganishwa na mamake miaka ya kwanza huumia moyo hadi ukubwani. Hakuwa ananisema mimi. Lakini nilikuwa nachambua omena, na mikono yangu ikasimama. Huyu mdogo naye namwacha vivyo hivyo, na jirani.

Kuna kitu kingine, sijui kama kina maana. Jumamosi kijana huja nami sokoni. Mteja mmoja alinunua gorogoro moja, ule mkebe wetu wa kupimia, nikammiminia kwenye beseni lake pana, akaanza kulalamika kwamba nimempunja. Kijana akamwambia, "Ni gorogoro moja tu. Imelala." Watu walicheka sana.

Sasa nani yuko sahihi kati ya hawa wote? Nimlee mtoto kwa nadharia gani?

Mama Gorogoro, Kisumu

---

Mama Gorogoro, nianze na hilo la usingizi. Glasi zinaweza kungoja.

John Bowlby alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Mwingereza. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti yake kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama. Watoto waliomshughulisha hasa ni wale wa makao ya watoto, wa wodi za hospitali, wale waliotenganishwa na wazazi kwa miezi au miaka na kupokezanwa na walezi wanaobadilishana zamu. Hakuna mama katika habari hiyo aliyekuwa akirudi nyumbani saa tisa akinuka samaki. Maneno yake yalikuja kutumiwa kuwasuta akina mama wanaofanya kazi, na kumbe hata zaidi ya miaka 70 baadaye yanaweza kumfikia mtu Nyalenda akichambua omena.

Wifi yako akifungua kurasa chache mbele atamkuta Mary Ainsworth, mwenzake Bowlby, na huyo alikuja kufanya kazi hapa jirani. Mwaka 1954 na 1955 alikuwa Uganda, akizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwafuatilia watoto wachanga 28. Akina mama wale walikuwa na shamba la kulima, na mara nyingi mtoto alibaki na mtu mwingine. Ainsworth aliona watoto wakishikamana na mama na wakati huohuo wakishikamana na nyanya, au baba, au dada mkubwa. Kuwa na mlezi wa pili peke yake hakukuwatia wasiwasi. Sitakuficha: kiasi cha matunzo ambayo mtoto alipata kwa mama kilihesabika pia. Lakini kuna jambo jingine alilolikuta ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Mama aliyeweza kumsimulia habari za mtoto wake kwa undani, bila kuhamahama kwenye mada nyingine, mara nyingi ndiye ambaye mtoto wake alikuwa ametulia naye.

Sasa irudie barua yako. Umeniambia kijana alikuangalia wewe kabla hajaangalia glasi. Umeniandikia anachojiambia akijenga, neno kwa neno, pamoja na ile "ngoja kwanza". Akina mama wanaokaa na mtoto kutwa nzima huku macho yao yakiwa kwenye simu nawajua, na barua zao nazipata. Hazina hata mstari mmoja wa namna hiyo.

Ninakohoji mimi ni kwa huyu mdogo. Jirani anayebaki naye ni yuleyule kila siku? Miezi saba ndiyo umri ambao mtoto huanza kulia akichukuliwa na mgeni, kwa sababu sasa anawajua walio wake. Kama ulikuwa unapanga kubadilisha mlezi ili uokoe shilingi mia mbili, ahirisha. Na ukitoka alfajiri usimtoroke akiwa anatazama kando. Muage. Atalia, sawa, lakini atajifunza kwamba mtu akiaga hurudi.

Haya, glasi.

Jean Piaget, Mswisi, alizaliwa mwaka 1896. Akiwa kijana alipata kazi Paris ya kuwapima watoto kwa maswali ya akili, na kilichomvutia kikawa majibu yaliyokosewa, kwa sababu watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja. Akaanza kuwauliza wanafikiri nini, na baadaye akawachunguza watoto wake mwenyewe watatu, miaka na miaka, kalamu mkononi. Humo ndimo zilimotoka zile hatua nne zilizo kwenye daftari: hadi miaka miwili mtoto hujua dunia kwa kushika na kutenda, kutoka miwili hadi saba ana maneno na picha kichwani lakini hudanganywa na anachokiona, kutoka saba hadi kama kumi na mmoja hufikiri kwa mantiki juu ya vitu anavyoweza kuvigusa, halafu ndipo hufika kwenye mambo ya kuwaza tu. Kwa kipimo hicho kijana wako amejibu kama watoto wengi wa miaka mitano wanavyojibu. Hajachelewa hata kidogo.

Ila kipimo chenyewe kina kasoro, nayo inamhusu mwulizaji. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walichapisha jaribio la aina hiyo lenye mchezo ndani yake. Walipanga vitu mistari miwili iliyo sawa, lakini badala ya mtu mzima kuutawanya mstari mmoja, alitokea mwanasesere dubu mtundu akauvuruga. Watoto wa miaka minne hadi sita wakaulizwa: bado ni sawa? Safari hii waliosema ndiyo waliongezeka sana. Mtu mzima akihamisha kitu kwa makusudi, uso umekazwa, halafu akauliza swali lilelile mara ya pili, mtoto hudhani amekosea la kwanza au kuna kitu anatakiwa kukiona. Dubu akivuruga, ni utundu tu.

Na kwetu ndiyo zaidi. Mkubwa akikuuliza tena, wewe mtoto wa Kisumu unajua kinachofuata. Charles Super na Sara Harkness waliishi miaka ya 1970 na Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, huko nyanda za juu za magharibi. Walipowapa watoto majaribio ya kusimuliana na mtu mzima, wengi walinyamaza. Akili zilikuwepo. Ila mtoto wa pale alizoea kumsikiliza mkubwa na kutenda alichoambiwa. Kukaa kitako kumsimulia mkubwa habari ambayo mkubwa mwenyewe anaijua ulikuwa mchezo mgeni kwake. Nilifundisha chekechea Nakuru miaka mingi, na ninavyowakumbuka watoto waliokuwa bubu mbele ya mkaguzi, halafu mapumzikoni wanagawa maandazi kwa haki kuliko mahakama!

Ndiyo maana "imelala" imenifurahisha. Kuna utafiti wa mwaka 1969 kutoka Mexico, uliokuta kwamba watoto wa wafinyanzi walitambua mapema kuliko wenzao kwamba udongo ukibadilishwa umbo haupungui. Udongo ulikuwa kazi ya nyumbani kwao. Kwenu kazi ni omena. Lakini nisiharakishe kumpa shahada. Inawezekana wewe ndiwe unayewaambia wateja "imelala", naye amelikopa neno kabla hajaimiliki maana.

Kama amelikopa, tunafika kwa Lev Vygotsky, Mrusi, naye mzaliwa wa 1896, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Piaget aliona mtoto kama fundi anayejijengea maarifa kwa mikono yake, na ujuzi ukikomaa ndipo mafundisho yanapoingia. Vygotsky aliligeuza: kila uwezo huanzia baina ya watu wawili, halafu mtoto huuchukua ndani. Analoweza leo akisaidiwa, kesho ataliweza peke yake, na mahali pa kufundishia ni hapo katikati. Hapo hawa wawili wanagombana kweli, na mtu akikwambia walisema kitu kimoja kwa maneno tofauti amesoma muhtasari tu.

Ugomvi wao mwingine umo sebuleni kwako, kwenye vifuniko vya soda. Piaget alisema mtoto anayejisemesha bado hajajua kumsemesha mwenzake, na kwamba maneno hayo yataisha akishazoea watu. Vygotsky akawapa watoto kazi kisha akaiharibu kidogo, kwa mfano mtoto anataka kuchora na penseli ya rangi anayoihitaji haipo. Kujisemesha kukaongezeka. Akasema maneno yale ni chombo cha kazi: mtoto anajiongoza kwa sauti, na sauti hiyo haipotei, huzama ndani ikawa fikra. Piaget aliisoma hoja hiyo miaka mingi baada ya mwenzake kufa, na kwa sehemu kubwa akamkubalia. Msikilize kijana: "Hapana, itaanguka. Ngoja kwanza." Huyo ni msimamizi wa mjengo anajiamuru. Mama mkwe amwombee kwa mambo mengine. Mimi nikihesabu pesa za chama mpaka leo huhesabu kwa sauti, na wenzangu hawajaniitia mchungaji. Ungeniambia haitiki akiitwa, haelewi anachoambiwa, au maneno aliyokuwa nayo yanapotea, hapo ningekuambia uende kliniki kesho asubuhi. Hukuniambia hivyo.

Kwa baba watoto nitakuwa mfupi. Biskuti inafanya kazi, Skinner alikuwa sahihi, mpaka siku biskuti zitakapokwisha na kitabu nacho kifungwe. Kiboko Skinner mwenyewe hakukipenda. Alisema adhabu humfundisha anayeadhibiwa kumkwepa mwadhibu. Na mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura, chuoni Stanford, aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere, wakaachwa naye, wakampiga vilevile, hata kwa maneno yaleyale. Katiba yetu ya 2010 nayo imekwisha kukikataza kiboko. Akiweke chini. Tuisheni ya PP2 pia ningeikata. Piaget alipoulizwa namna ya kuwaharakisha watoto wapite hatua haraka, aliliita swali la Wamarekani. Angeishi hadi leo angelihamishia Kenya. Shilingi hamsini ni mayai mawili na chenji.

Lakini wifi naye hajaruhusiwa na Piaget kuzifukuza hesabu. Mtoto ambaye bado anahitaji kushika ndiye anayefaa kuhesabu vifuniko, kugawa ndizi, kupanga mafungu ya omena. Kinachomchosha ni kunakili tarakimu jioni macho yakifumba.

Sasa mama mkwe. Watu hudhani wenye nadharia ni wazungu peke yao, na sisi tuna mazoea tu. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti, Elena Grigorenko na Robert Sternberg wakiwa miongoni mwa waandishi, uliowauliza Wajaluo wa vijijini huku magharibi mtoto mwenye akili ni yupi. Yalitoka maneno manne ambayo mama mkwe hahitaji kutafsiriwa: rieko, ule ujuzi na maarifa; luoro, heshima; winjo, kuelewa jambo na kujua la kufanya; na paro, kuwaza na kuanzisha. Shule, na zile glasi, zinapima kipande cha lile la kwanza. Mama mkwe anapima manne kwa chumvi. Fikiria safari ile: mtoto akumbuke alichotumwa, amwamkie mwenye duka, ahesabu chenji, na kama chumvi hakuna, aamue arudi au aende duka la pili. Bame Nsamenang, mwanasaikolojia wa Kameruni, aliandika kwamba kwa familia nyingi za Afrika kushirikishwa kazi namna hii ndiko kukua kwenyewe. Nami naamini mama mkwe, siku ya kwanza, alimpeleka mpaka karibu na duka, ya pili akasimama mlangoni akimwangalia, ya tatu akakaa. Muulize. Kama ndivyo, Vygotsky yote ilifanyika hapo bila daftari.

Ila ploti nzima isimtume. Watu wawili tu, wewe na dani, yaani nyanya yake, asivuke lami, na giza likiingia basi.

Umeniuliza nani yuko sahihi. Bowlby na Ainsworth walitaka kujua mtoto hukimbilia wapi akiogopa. Skinner alitaka kujua kwa nini tendo hurudiwa. Piaget alitaka kujua maarifa yanajijengaje, na Vygotsky ulimi wa mkubwa unaingiaje kichwani mwa mtoto. Mambo yao mengi hayakutani hata njiani, kwa hiyo huna haja ya kuchagua mmoja na kumfukuza mwingine. Pale wanapogombana kweli, kama tumfundishe sasa au tumngoje akomae, mimi kwa mtoto huyu niko na Vygotsky. Nawe, kwa kumpeleka sokoni Jumamosi, uko naye pia.

Jumamosi hii mwombe wifi aje Kibuye na daftari lake. Mpe kijana gorogoro, yeye mwenyewe ndiye amimine, mara kwenye sufuria, mara kwenye beseni. Wifi amwulize mara moja tu kama ni sawa, na akishajibu, amwulize kwa nini. Akinyamaza, mwacheni auze.

Kisha uniandikie. Nataka kujua kama "imelala" ni neno lake au ni lako.